Urithi wa rangi kwa mijusi-kafiri wa kufugwa

Urithi wa rangi kwa mijusi-kafiri wa kufugwa ni jinsi rangi na mabaka ya ngozi yanavyopita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto katika mijusi-kafiri wanaozalishwa na binadamu. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini mijusi hawa hufugwa ndani ya masanduku ya kioo, kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo, na mara nyingi rangi ndiyo inayopanga bei. Anayejulikana zaidi ni mjusi-kafiri chui (Eublepharis macularius), ambaye asili yake ni nchi kavu za Asia kama Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi ya Uhindi. Kwa Tanzania mwenye uzito zaidi ni mjusi-kafiri buluu wa Kimboza (Lygodactylus williamsi). Porini anapatikana katika Mkoa wa Morogoro peke yake, na rangi yake ndiyo iliyomweka katika hatari ya kutoweka.

Spishi hizi mbili hazifuati njia moja. Rangi nyingi za mjusi chui zinazouzwa madukani zimetokana na badiliko la jeni moja, kwa hiyo mfugaji anaweza kuzitabiri kwa hesabu. Kwa mjusi wa Kimboza, buluu si aina ya pekee inayozalishwa kwa kuchagua wazazi. Ni rangi ya dume aliyekomaa na mwenye eneo lake. Mtu anayenunua wawili wa buluu akitumaini kupata watoto wa buluu amenunua madume wawili, nao watapigana.

Mijusi-kafiri wanaoonekana usiku kwenye kuta za nyumba za Ifakara, Michenga na bonde lote la Kilombero, wakivizia mbu na nondo karibu na taa, ni wa jenasi nyingine, Hemidactylus. Hawauzwi kwa ajili ya rangi. Hata hivyo wanafaa kwa uchunguzi wa kwanza wa mwanafunzi: mjusi yuleyule aliye wa kijivu chenye madoa mchana huwa mweupe usiku. Rangi ya mnyama, basi, si jeni tu. Watu wengine huwaua wakidhani wana sumu, lakini hakuna mjusi-kafiri yeyote mwenye sumu.

Rangi ya ngozi inavyotokea

Ngozi ya mjusi-kafiri ina seli za rangi zilizopangwa kwa tabaka. Za juu zina chembe za njano au nyekundu. Chini yake kuna seli zenye fuwele ndogo sana za guanini, ambazo hurudisha mwanga kama vioo vidogo. Chini kabisa kuna seli za melanini, yaani rangi nyeusi au kahawia, ileile inayopatikana katika ngozi na nywele za binadamu.

Buluu ya mijusi haitokani na chembe za buluu. Fuwele hurudisha sehemu ya buluu ya mwanga, na melanini iliyo chini yake hunyonya mwanga uliobaki. Tabaka la njano likiwa juu ya buluu hiyo, jicho huona kijani. Ndiyo sababu kijani na buluu hukaa karibu sana katika mijusi wengi, na tofauti ndogo katika tabaka la juu inatosha kuhamisha mnyama kutoka rangi moja hadi nyingine. Melanini nayo inaweza kutawanyika au kukusanyika ndani ya seli zake, kwa hiyo mjusi mwenye baridi au hofu huweza kuwa mweusi kwa muda mfupi, kisha akarudia rangi yake akishaota jua.

Mpango huu wa tabaka unaeleza pia kwa nini mjusi chui albino si mweupe. Amepoteza melanini tu. Tabaka la njano limebaki, na madoa yake yaliyopaswa kuwa meusi huonekana ya waridi au kahawia hafifu.

Mjusi-kafiri chui na hesabu ya jeni

Mjusi chui wa porini ana rangi ya njano na madoa mengi meusi. Anafaa sana kwa ufugaji: ana kope zinazofumba, hana pedi za kugandia ukutani kama wenzake, hivyo hapandi kioo na kutoroka, na huzaa vizuri akiwa kizimbani. Baada ya vizazi vingi vya kufugwa yalijitokeza mabadiliko ya jeni ambayo wafugaji waliyatunza na kuyapa majina ya biashara.

Kila mjusi ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya ualbino ni fiche: haionekani ikiwa moja tu, kwa sababu nakala ya kawaida inatosha kutengeneza melanini. Mjusi mwenye nakala moja ya kila namna huitwa mbebaji. Kwa macho hatofautiani na wengine.

Wabebaji wawili wakikutanishwa, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kuwa albino, mbili kati ya nne ya kuwa mbebaji, na moja kati ya nne ya kutokuwa na nakala fiche kabisa. Katika watoto wanaoonekana wa kawaida, basi, theluthi mbili ni wabebaji, ila haiwezekani kusema ni yupi. Wauzaji waaminifu huandika kwenye sanduku kwamba mjusi huyu ana uwezekano wa asilimia 66 wa kuwa mbebaji. Wasio waaminifu huandika kwamba ni mbebaji, basi.

Jike hutaga mayai mawili kwa mara moja, na hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa mapema. Uwezekano wa mayai mawili ya wabebaji kutotoa albino hata mmoja ni tisa kati ya kumi na sita, yaani zaidi ya nusu. Hata katika mayai manane bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 10 kwamba hatatokea albino. Kukosa albino katika matago mawili au matatu hakuthibitishi kwamba mzazi si mbebaji. Jaribio la uhakika zaidi ni kumkutanisha mjusi anayeshukiwa na albino halisi wa ukoo uleule: akiwa mbebaji, nusu ya watoto kwa wastani watakuwa albino, na mtoto mmoja tu wa aina hiyo anatosha kumaliza shaka.

Maneno «ukoo uleule» ni ya lazima. Mjusi chui ana koo tatu za ualbino, zinazoitwa Tremper, Rainwater na Bell. Albino wa Tremper akizaa na albino wa Bell, watoto wote huwa na rangi ya kawaida. Maana yake ni kwamba mabadiliko haya yamo katika jeni tofauti. Mtoto anapata kutoka kwa kila mzazi nakala nzima ya ile jeni ambayo imeharibika kwa mzazi mwingine, na melanini inatengenezwa tena. Kwa mwalimu wa biolojia huu ni mfano mzuri kuliko ile njegere ya kila siku, kwa sababu unaonyesha kwamba wanyama wawili wanaweza kufanana kabisa kwa nje huku sababu zao zikiwa mbalimbali. Kwa mfugaji ni onyo: akichanganya koo hizo atajaza sanduku wabebaji wa namna mbili ambao hakuna tena atakayeweza kuwatenganisha kwa macho.

Si jeni zote zenye tabia ya kutawala au kujificha kabisa. Aina iitwayo Mack Snow ina nakala moja ya badiliko, nayo ina weupe badala ya njano hasa inapokuwa changa. Mwenye nakala mbili ni tofauti tena: ana madoa madogo yaliyotapakaa mwilini na macho meusi kabisa. Utawala wa aina hii usio kamili uko hata katika banda la kuku wa kienyeji. Kuku wa kishingo mwenye nakala mbili za jeni yake ana shingo tupu, lakini mwenye nakala moja ana kishungi cha manyoya mbele ya shingo. Anayefuga kishingo anaweza kuifuata kanuni hii bila kununua mjusi.

Rangi ya machungwa iliyokolea, kwa upande wake, haitokani na jeni moja. Imepatikana kwa kuchagua wazazi waliokolea zaidi kizazi baada ya kizazi, kama mkulima anavyochagua mbegu, na haina hesabu rahisi ya robo na nusu. Tena joto la kuatamia lina sehemu yake. Mayai ya mjusi chui yakitunzwa kwa nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi hutoa majike karibu wote, na kwa nyuzi 32 na nusu hivi hutoa madume wengi zaidi. Joto kubwa huleta pia watoto wenye rangi nyangavu na weusi kidogo. Mfugaji anayesifia damu ya mjusi wake huenda anasifia mashine yake ya kuatamia.

Rangi zinazokuja na maradhi

Aina iitwayo Enigma ina jeni tawala: nakala moja inatosha kuonekana. Wengi wa mijusi hawa huinamisha kichwa upande, huzunguka pale pale na kukosa windo wanapolirukia. Kasoro hiyo ya neva imeshindikana kutenganishwa na rangi yenyewe.

Lemon Frost ni kisa kizito zaidi. Ni rangi nyangavu ya njano na nyeupe iliyotokana na badiliko moja na ikapendwa haraka sokoni. Baadaye wafugaji waliona uvimbe mweupe chini ya ngozi za mijusi hao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha rangi hiyo na jeni SPINT1, ambayo kwa binadamu inahusishwa na saratani ya ngozi, na ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wenye badiliko hilo hupata uvimbe. Uvimbe huo hutoka katika seli zilezile zenye fuwele zinazorudisha mwanga. Kilichomfanya mjusi ang'ae ndicho kinachomuua. Wafugaji wengi wameacha kuizalisha aina hii, wengine wanaendelea.

Mjusi-kafiri buluu wa Kimboza

Kutoka Ifakara, msitu wa Kimboza uko upande wa pili wa mkoa. Ni msitu wa nyanda za chini juu ya miamba ya chokaa, kwenye miguu ya mashariki ya Milima ya Uluguru, wenye eneo la kilomita za mraba 4 hivi. Mjusi buluu anaishi humo, katika Hifadhi ya Msitu wa Ruvu iliyo jirani na katika vipande vidogo vingine vya karibu. Hapatikani katika misitu ya Udzungwa wala katika bonde la Kilombero. Spishi hii ilielezwa kisayansi mwaka 1952 na Arthur Loveridge, mtaalamu wa reptilia wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Mjusi huyu ni mdogo, sentimita 5 hadi 8 pamoja na mkia, na hutembea mchana. Maisha yake yamefungwa na mkadi wa msituni (Pandanus rabaiensis). Katika majani yake marefu yenye miiba pembeni hupata wadudu, maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani, maficho na mahali pa kutagia. Kwa kawaida dume mmoja hushika taji la mkadi akiwa na jike au majike kadhaa.

Dume huyo ana rangi ya buluu ya feruzi mgongoni, koo lenye michirizi mizito myeusi na tumbo la machungwa. Jike ni wa kijani au kahawia yenye mng'ao wa shaba, na weusi wa kooni ni kidogo au haupo. Watoto wote hufanana na majike. Dume kijana anayeishi chini ya dume mkubwa hubaki na rangi hiyo ya kike, pengine kwa muda mrefu, na hivyo hupunguza kushambuliwa. Akipata eneo lake mwenyewe, au akitengwa katika sanduku lake, hugeuka buluu.

Kwa hiyo jeni za kutengeneza buluu zimo katika mijusi wote wa spishi hii, majike pia, lakini huonekana kwa dume peke yake na kwa wakati wake. Ni kama maziwa ya ng'ombe: fahali hatoi maziwa, lakini mfugaji anajua kwamba huwarithisha binti zake uwezo wa kuyatoa. Jike wa kijani humpa mwanawe buluu vilevile baba anavyompa. Kuchagua jike «mwenye ubuluu» ili kuboresha uzao hakuna maana, na mara nyingi jike huyo ni dume kijana. Njia ya kuaminika ya kutambua jinsia ni kutazama kwa lenzi safu ya vitundu vidogo mbele ya tundu la haja, ambayo dume anayo, pamoja na uvimbe ulio nyuma ya tundu hilo, chini ya mkia.

Kuzalisha kizimbani

Mjusi wa Kimboza huzaa kizimbani bila shida kubwa akipewa nafasi ya kwenda juu, majani au mianzi ya kujificha, unyevu, joto la mchana na taa yenye miale ya urujuanimno inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Dume mmoja hukaa na jike mmoja au wawili. Madume wawili hawakai pamoja.

Jike hutaga mayai mawili meupe yenye ukubwa wa punje ya njegere na huyagandisha kwenye jani, mwanzi au kona ya kioo. Ganda hukauka na kuwa gumu, na anayejaribu kuyabandua huyavunja. Wafugaji huyaacha palepale na kuyafunika kwa kikombe chenye matundu, kwa sababu wazazi huweza kuwala watoto wao. Baada ya miezi miwili hadi mitatu hutoka mtoto mdogo mno, wa kijivu au kahawia, anayelishwa nzi wa matunda waliopakwa unga wa kalsiamu. Kalsiamu ikikosekana mifupa hupinda, na jike anayetaga mfululizo ndiye wa kwanza kuathirika.

Tatizo gumu zaidi ni ukoo. Wengi waliopo Ulaya na Marekani wametokana na mijusi waliokamatwa ndani ya miaka michache katika msitu mmoja mdogo, na mara nyingi bila kumbukumbu yoyote ya nani ni mtoto wa nani. Ndugu wakizaana, nakala fiche zenye madhara hukutana kama zile za ualbino zinavyokutana kwa mjusi chui, na hesabu yake ni ileile. Mfugaji wa mjusi chui hufurahia kukutana huko kwa sababu kunampa rangi mpya ya kuuza. Kwa spishi iliyo hatarini ni hasara, na kazi ya mfugaji makini ni kinyume: kuweka daftari la uzao, kukutanisha wasio ndugu, na kutomchagua mjusi yeyote kwa rangi yake.

Biashara na ulinzi

Mahitaji ya soko la nje yalikua haraka katika miaka ya 2000. Watafiti wamekadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa Kimboza mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Ukamataji uliharibu makazi pia. Taji la mkadi liko juu na majani yake yanakata, kwa hiyo mara nyingi mti mzima uliangushwa ili kuwafikia mijusi wachache waliokuwemo. Mkadi ulioangushwa huwanyima makao hata mijusi waliokwepa mkono wa mkamataji. Moto na miti ya kigeni, hasa Cedrela odorata ulioenea ndani ya Kimboza, vinaongeza tatizo hilo.

Mwaka 2012 spishi hii iliingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN kama iliyo hatarini mno kutoweka, ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka huohuo mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, uliofanyika Johannesburg, uliamua kumweka mjusi huyu katika Kiambatisho I, na uamuzi ulianza kutumika Januari 2017. Kwa kiambatisho hicho biashara ya kimataifa ya wanyama waliotoka porini imepigwa marufuku.

Waliozaliwa kizimbani wanaweza kuuzwa kwa masharti na hati, na hapo pana mwanya. Mjusi aliyeanguliwa katika sanduku la Ujerumani na aliyetolewa Kimboza wiki iliyopita hawana tofauti ya kuonekana. Jike aliyekamatwa akiwa na mayai akitagia kizimbani, watoto wake nao hutangazwa kuwa wa kufugwa. Wakaguzi hutegemea hati, hali ya mnyama na maswali ya kawaida: wazazi wako wapi, na jike mmoja anayetaga mayai mawili mawili amewezaje kutoa watoto wote hawa kwa mwaka?

Wapo wanaosema ufugaji unauondolea msitu mzigo, kwa kuwa mnunuzi anapata mjusi bila mtu kwenda Kimboza. Hoja hiyo ina nguvu pale tu mjusi wa kufugwa anapokuwa rahisi kupatikana kuliko wa porini, na hati zake zinapoaminika. Kuwarudisha wa kufugwa msituni ni jambo jingine. Wanaweza kubeba vimelea na magonjwa waliyoyapata kwa mijusi wa nchi nyingine katika maduka, na mahali ambapo mikadi imeangushwa hawana pa kukaa. Mkadi huota tena kutoka kwenye mbegu, lakini huchukua miaka kabla taji lake halijawa kubwa kiasi cha kumtosha dume mmoja na majike wake.